Kuhusu Gauni la Redio na Jambo Tulilokuficha

Nyumbani kwako,
Chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi cha baridi kimekuachia. Unakula vizuri? Dawa za presha unameza kila siku, au unasubiri mpaka kichwa kigonge ndipo uzikumbuke? Wenzako mnaokaa nao hawajambo? Sisi huku tunaendelea. Magoti yangu yananikumbusha umri kila nikipanda ngazi, lakini si ya kulalamikia. Paa la jikoni halivuji tena. Mwanao anakula, anacheka, na anaongea kama kawaida yake. Lile jina la Redio ulilompa akiwa na miaka mitatu bado hajatokea wa kumvua.

Najua unashangaa kupata barua wakati tuliongea kwa simu juzi tu. Kaka, nimeshika simu mara nne wiki hii nikiwa na nia ya kukueleza, na mara zote nne nimeishia kukuuliza habari za mvua. Kwa hiyo naandika. Kaa chini, tafadhali, usome mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Nianzie kwenye gauni, maana ndilo lililotufikisha hapa.

Uliniambia, "Mdogo wangu, mama yake hatunaye, wewe ndiye mama. Hakikisha anapendeza." Neno hilo nimelibeba kama yai. Lakini sikujua kwamba gauni la harusi lina elimu yake. Nilidhani ni jeupe, ni refu, basi. Fundi tuliyempata ni mama mmoja mwembamba anayeshonea ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi. Anaongea na pini mdomoni na bado unamsikia neno kwa neno. Siku ya kwanza, kabla hata ya kushika utepe wa kupimia, alituchorea maumbo matano kwa penseli kwenye karatasi ya kukatia.

La kwanza aliliita mwavuli: kiuno kimebana, halafu sketi inafumuka pande zote, ndani kuna nyavu tabaka kwa tabaka na pete ya waya ya kuishikilia. La pili ni herufi A, linaanza kufunguka taratibu kutoka kiunoni mpaka chini, bila waya. La tatu ni samaki, linakumbatia mwili mpaka magotini, kisha linachanua kama mkia. La nne ni la kunyooka tu, linaufuata mwili lilivyo. La tano mkato wake uko chini ya matiti, kitambaa kinaanguka kutoka hapo. Redio akasema hilo la tano hapana, wageni watakaa wanahesabu miezi kwa vidole. Fundi alicheka mpaka akatema pini.

Mimi sikucheka. Macho yangu yalikuwa yameganda kwenye ule mwavuli. Nikasema, "Hili." Fundi akauliza kwa nini. Nikamwambia ni la kifalme. Nilidanganya, kaka. Sababu yangu ilikuwa nyingine.

Unakumbuka miaka mitatu iliyopita, ulipokuwa na miezi minne tu huko ng'ambo kazini, tulikwambia Redio amevunjika mguu na amewekewa chuma. Kuvunjika alivunjika. Na chuma kipo. Lakini hakiko ndani ya mguu. Mguu wa kulia madaktari waliukata, chini kidogo ya goti. Chuma ndicho anachotembelea.

Soma tena ukitaka. Mimi nakungoja.

Lori lilirudi nyuma kwenye kichochoro cha ghala bila mtu wa kuliongoza, likambana ukutani. Nilikuwa nimemtuma mimi, akanunue balbu ya chooni, kitu ambacho kingengoja hata wiki. Madaktari walipambana na ule mguu siku sita. Siku ya saba wakaniita kwenye chumba kidogo chenye meza na kiti kimoja, wakanipa kalamu. Nilisaini kwa niaba yako. Daktari alisema tukichelewa tutampoteza mtoto mzima, na mimi nilikuwa peke yangu, sina wa kumgeukia.

Alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa, "Baba asijue." Alijua ungeacha kila kitu na kurudi. Nikamwahidi tutakwambia akianza kutembea. Alipoanza kutembea akasema ngoja kwanza azoee. Alipozoea akasema utaona mwenyewe ukija. Na mimi, badala ya kuwa mtu mzima, kila mara nilipumua nikasema sawa. Kwenye video ulimwona uso na mabega, tukacheka, tukakata simu, na uongo ukazidi kuota mizizi. Mchumba wake, yule mwoka mikate uliyeongea naye, alimkuta tayari ana mguu huo. Mama yake huyo mchumba anajua. Majirani wanajua. Kaka, ni wewe tu usiyejua, na hilo ndilo linaloninyima raha hata ya kumeza chai.

Sasa umeelewa kwa nini nilitaka mwavuli. Hesabu yangu ilikuwa hii: utafika siku tano kabla ya harusi, Redio atavaa suruali ndefu siku hizo, na siku yenyewe mtaingia ukumbini pamoja, sketi imefunika kila kitu mpaka sakafuni. Ungerudi kazini na furaha yako. Nilijiona mwerevu sana.

Jumatano iliyopita tukaenda kujaribu. Fundi anayo magauni ya mfano, moja kwa kila umbo, ili mtu ajione kabla kitambaa hakijakatwa. Alimpima Redio kifua, kiuno na nyonga, akatoka nje ya pazia, mimi nikamsaidia kuvaa ule mwavuli. Kwa hiyo fundi hakuona chochote. Redio alipotokea, nakuapia, alikuwa kama mwezi. Nikaanza kulia. Fundi akasema, "Machozi baadaye. Tembea mpaka dirishani urudi. Sijawahi kumshonea mtu wa kusimama tu."

Kuna jambo la mguu ule ambalo sikulifikiria, kaka. Hauna hisia. Redio hajui umekanyaga wapi mpaka autupie jicho. Na ndani ya mwavuli mtu haoni chini, anaona nyavu tu. Hatua ya kwanza ilikuwa nzuri, ya pili pete ya waya ikaanza kuyumba. Ya tatu akakanyaga tabaka la ndani akaenda chini, kiwiko kikagonga meza ya kukatia. Ile pete ikapinduka juu kama mwavuli kwenye upepo, na mguu wote ukawa nje, kuanzia goti mpaka kiatu.

Nilipiga yowe. Fundi hakupiga yowe. Alitoa pini zote mdomoni, moja moja, akapiga magoti.

"Umeumia?"

"Kiwiko tu," Redio akasema.

"Goti hili linakunjika mpaka wapi? Nionyeshe." Redio akamwonyesha. Fundi akanigeukia mimi, na macho yale sitayasahau. "Mama, mnaniletea bibi harusi, naambiwa habari za kifua na kiuno, halafu kitu anachotembelea ndicho ninachofichwa?"

Nilijaribu kueleza, maneno yakapishana. Redio alikuwa bado sakafuni, nyavu zimemzunguka. Akaniangalia kwa utulivu ulioniogopesha kuliko kama angefoka.

"Shangazi, hili gauni ni langu au ni lako?"

"Lako, mwanangu."

"Basi linamficha nani?"

"Ni kwa ajili ya baba yako. Siku moja tu."

"Na kesho yake? Nitavaa mwavuli kwenda kupika?"

Niliinama nikaanza kumtoa kwenye zile nyavu.

Baada ya hapo fundi alifanya kazi yake upya, na laiti ungekuwepo. Alimvalisha la samaki, akamwambia apige hatua moja. Goti lilifungwa kama limetiwa pingu, mguu wa chuma ukaburuza. Akalivua. Akamvalisha la kunyooka, la hariri. Hilo lilimpendeza mabegani, lakini kila akitembea kitambaa kilinasa kwenye ukingo wa kile kikombe cha juu ya mguu wa chuma, anachoingiza kigutu, kikajikunja. "Utashinda unajivuta nguo badala ya kusalimia wageni," fundi akasema. Lile la kiuno cha juu Redio alikataa hata kuligusa, kwa sababu ya wale wahesabu miezi.

Likabaki la herufi A. Mimi nilikuwa nimelidharau kwenye karatasi, niliona halina makeke. Lakini alipolivaa, kaka, nikaelewa maana ya umbo. Juu limemshika sawasawa, halafu kuanzia kiunoni linampa nafasi, goti linapita, kitambaa kinarudi mahali pake. Alitembea mpaka dirishani. Akageuka. Akarudi. Akaenda tena bila kuambiwa. Mara ya tatu alianza kuongea huku anatembea, habari za keki na viti, hapo nikajua amesahau kwamba anatembea.

Fundi akashika chaki. "Pindo liishie wapi?"

"Chini kabisa," nikasema mimi.

"Hapa," Redio akasema. Akaweka kidole katikati ya goti na kifundo.

Nikamwambia taratibu, "Baba yako ataona."

"Ndiyo, shangazi. Nataka aone. Na nione ninapokanyaga."

Fundi akachora mstari palepale. Kitambaa kimeshakatwa, hakirudi. Mbele linaishia katikati ya muundi, nyuma limeshuka kidogo zaidi. Tulipokuwa tunashuka ngazi Redio akaniambia ananipa wiki moja nikueleze mwenyewe. Nisipofanya hivyo atakuja kukupokea uwanja wa ndege amevaa sketi fupi kuliko zote alizonazo. Unamjua. Hatanii.

Tangu siku hiyo sina amani. Nikiosha vyombo nakuwaza, nikifagia nakuwaza. Naogopa utaniona mwizi, mtu aliyekaa na mtoto wako na kukuibia habari zake miaka mitatu. Naogopa utakatisha safari kwa hasira. Naogopa pia presha yako, ndiyo maana barua hii nitampa yule nesi jirani yetu anayerudi huko Jumanne. Nimemwomba akukabidhi mkononi na akae hapo mpaka umalize. Akikupa maji, kunywa.

Sijiombei msamaha leo. Ukitaka kunisema, njoo unisemee sebuleni, nitakaa nisikilize yote. Lakini Redio usimsute. Alikuwa na miaka ishirini, yuko kitandani, akifikiria riziki yako wakati mguu wake haupo. Na usimlilie kwenye simu, kaka. Hapendi. Jana nilimpa rasimu ya barua hii aisome, maana nimechoka kufanya mambo nyuma ya watu. Aliisoma yote, midomo inamcheza, akachukua kalamu akafuta neno moja tu, pale nilipokuwa nimeandika "maskini mwanao."

Nimeambatanisha picha ambayo fundi alimpiga. Amesimama karibu na dirisha, gauni limeshikizwa kwa pini, halijashonwa. Miguu yote miwili inaonekana. Mimi ndiye kile kivuli pembeni kinachofuta macho.

Mchumba wake anakusalimu kwa heshima na anauliza kama unapendelea mkate mweupe au wa ngano nzima, usipomjibu hatalala. Mama mkwe mtarajiwa anakusalimu. Mjomba Mrefu anakusalimu, goti lake limepoa. Nisalimie wenzako wote wa chumbani, na yule mzee mpishi unayemsifu kila siku. Mungu akulinde njiani, akufikishe salama, na akupe moyo mpana kuliko ninaostahili.

Jambo la mwisho, kwa sababu hamtapata muda mrefu wa kufanya mazoezi. Mkiingia ukumbini, simama kushoto kwake, upande wa mguu wake mzima. Mpe mkono, lakini usimvute na usimwongoze. Ataangalia chini mara moja, kisha atainua uso. Akishainua, yeye ndiye atakayeanza hatua. Wewe mfuate.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuogopa kwa pamoja,

Shangazi wa Redio