Karatasi ya Somo la Tisa

Mishomoroni, Kisauni
Jumanne, 19 Agosti 2025

Shoga yangu Jerioth, mama Fidel,

Salamu zangu zikufikie huko Vihiga, wewe na mama mkwe wako na watoto. U hali gani, na ule mgongo umepata nafuu? Fidel je, ameizoea skuli mpya au bado analilia Magongo? Sisi huku tu wazima wa mwili, alhamdulillahi. Mama yangu anakuombea subira. Kila akimaliza kuswali hukutaja kwa jina.

Najua utashangaa kupata barua ya mkono, ilhali namba yako naijua kwa moyo. Wiki hii nimekupigia mara tatu, na kila ukipokea naishia kuulizia watoto na mvua. Nimeona heri niandike.

Darasa letu la Kikorea pale Magongo, juu ya duka la vyuma, nimelifunga. Wanafunzi nimewaambia nimechoka. Achieng alilia, akasema mtihani wake umekaribia, basi nikamtafutia mwalimu mwingine kisiwani. Funguo nimemrudishia mwenye nyumba juzi. Nilipokuwa nikifuta ubao nilikaa kwenye benchi la mbele, pale alipokuwa akikaa marehemu mumeo.

Nakumbuka alivyokuwa akifika kutoka yadi ya makontena Changamwe, macho mekundu kwa kuchomelea, nawe ukimfuata nyuma na chakula chake kwenye kibakuli. Wengine walisoma ili wapite mtihani. Elkana alisoma kama mtu anayejenga nyumba ya kukaa. Kila karatasi niliyoigawa aliibandika ukutani kwenu.

Kilichomtesa kwenye sarufi ni maneno ya sifa. Sisi hutaja kitu kwanza kisha tukakieleza: nyumba kubwa, mtu aliyekuja jana. Wakorea huanza na maelezo yote, hata yawe marefu vipi, na kitu chenyewe hukitaja mwisho. Elkana alisema ni kama kumsikiliza mtu anayesengenya bila kutaja jina, unavumilia hadi mwisho ndipo ujue ni nani anayesemwa. Darasa zima lilicheka. Lakini akaenda nyumbani akayakariri hayo maelezo yote, na wewe ndiwe uliyekuwa ukimwuliza, karatasi mkononi, huku ukipika.

Aprili akasafiri kwenda Korea, kazi ya kiwandani. Juni ikaja ile simu ya msiba. Halafu ikaja ripoti ya kiwanda, kurasa nne za Kikorea, nawe ukaniletea mimi niisome kwa sababu hukuwa na mwingine unayemwamini. Nikakusomea pale mezani kwako. Nikakuambia wameandika kwamba mashine ya kukandamiza plastiki ilikuwa imetundikwa kibao, kwamba Elkana alikipuuza, akaiwasha na kutia mikono ndani, ikamshukia. Ukaniuliza kibao kilisemaje. Nikakujibu kilisema ni hatari, usiguse.

Uliinamisha kichwa, ukasema kwa sauti ndogo, "Mbona hakunifikiria hata mimi?"

Neno hilo sijalisahau. Na kwenye mazishi, shemeji yako Dancun aliposimama mbele ya watu akasema kaka yake tangu utotoni alikuwa na pupa, hakusikia la mtu, mimi nilikuwa nimekaa kwenye hema la wanawake, mkono wako uko mkononi mwangu. Nikanyamaza. Nasikia hata wakili wenu amekata tamaa na dai lenu la fidia kwa sababu hiyo hiyo, kwamba marehemu alionywa akapuuza.

Jerioth, hakuonywa usiguse. Kibao hakikusema hivyo. Nilikudanganya.

Ripoti imenukuu maneno ya kibao neno kwa neno, ukurasa wa pili, mstari wa sita. Yalikuwa maneno mawili tu: gochil gigye. Maana yake ni mashine ya kutengenezwa, yaani bado mbovu, fundi hajaigusa. Ingekuwa imeshatengenezwa wangeandika gochin gigye. Tofauti ni herufi moja, L na N. L ni jambo lijalo, N ni jambo lililokwisha.

Sasa nenda kwenye sanduku la vitu vyake. Ile bahasha waliyoirudisha pamoja na nguo ina karatasi ya somo la tisa, kwa mwandiko wangu. Utaona safu mbili. Juu ya safu ya L nimeandika "iliyokwisha". Juu ya safu ya N nimeandika "ijayo". Nilizipindua. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, jioni, lakini sitaki kuisingizia saumu. Niliandika upesi, sikurudi kusoma nilichokiandika, nikawagawia watu kumi na wanne.

Kukosea ni jambo la binadamu, na pengine ungenisamehe hapo. Lakini Achieng aliligundua kosa hilo siku mbili kabla Elkana hajapanda ndege. Alinionyesha kwa adabu, pembeni. Niliona aibu, shoga yangu. Watu walikuwa wameanza kuniita mwalimu bingwa. Nikawapa wanafunzi waliobaki karatasi mpya, nikawaambia ile ya kwanza iliharibika kwenye fotokopi. Elkana alikuwa amekwisha maliza masomo. Simu yake nilikuwa nayo. Nikajiambia atajifunzia huko huko, kisha nikajiambia nitampigia akishatulia, kisha nikaacha kujiambia lolote.

Kwa hivyo hakupuuza kitu. Alisimama mbele ya ile mashine, akakisoma kibao, akakielewa vile nilivyomfundisha, kwamba imeshatengenezwa na kazi iendelee. Na wewe usiku na mchana ulikuwa ukimwuliza kwa karatasi ile ile, akijibu nilivyokosea mimi, ukimsifu. Nililiona neno lile siku ile ile mezani kwako. Nilijua kabla sijafika mwisho wa mstari.

Jana nilikwenda kwa wakili nikamweleza yote. Aliniuliza kama nitayarudia mbele ya hakimu, kwa kiapo. Nikamjibu ndiyo. Anasema inaweza kuwasaidia: kibao kilikuwa cha Kikorea kitupu, na mfanyakazi hakukaidi, alisoma. Anaihitaji ile karatasi. Tafadhali mpelekee yeye mwenyewe, usiipitishe kwangu. Na nakala ya kiapo nitamtumia Dancun, ayafute aliyoyasema kaburini.

Sikuombi msamaha kwa barua. Ukitaka nije nitakuja, nisimame mbele ya mama mkwe wako niyaseme kwa kinywa changu. Usipotaka kuniona tena, wallahi sitakulaumu, wala sitamtuma mtu aje kukubembeleza.

Nisalimie mama mkwe. Mwambie mwanawe alikuwa mtu mwangalifu. Wabusu watoto kwa niaba yangu kama bado inafaa. Mungu akushike, kwa dini yako na kwa yangu.

Ni mimi niliyemfundisha,
Samiha