Mafuta ya Kichwa cha Atupele

Dada yangu uliye ng'ambo ya mto Songwe,

Barua hii sijui itavukaje. Tangu vita vya Wajerumani na Waingereza vifunge vivuko, mafuta ya mbarika nayapika peke yangu. Nimechoka, dada. Baba Atupele amechukuliwa kuwabebea askari mizigo, mpunga unaningoja shambani, na mtoto ana mapunye. Nywele zinamtoka, zinaacha mabaka.

Nakumbuka kule kwetu Ipyana tulivyokuwa tukikaanga mbegu, tunatwanga, tunachemsha, wewe unaengua mafuta kwa kipande cha kibuyu. Kisha unanipaka nyuma ya sikio. Nikilalamika, unasema, "Tulia! Kama yanawasha, yawashe hapa padogo."

Mama mkwe aliniletea maji ya majivu ya maganda ya ndizi, makali, nimwoshe mtoto kichwa. Nikajipaka mimi kwanza. Jioni ngozi ikatoka malengelenge.

"Hapana, mama. Kichwa cha Atupele hayakigusi."

"Mumeo nilimwosha kwa haya haya!"

"Na makovu anayo mpaka leo."

Alininunia siku nzima.

Mbegu zangu zilikuwa zimeisha. Mbarika iliyozaa iko nyuma ya migomba ya baba mkwe, nami, wajua ilivyo kwetu, mkwe wa kike haonani naye. Nikanyemelea, mtoto mgongoni. Si akatokea! Nikajifunika kaniki gubigubi, nikachutama kwenye majani makavu, na Atupele anapaza sauti, "Babu! Mama yuko hapa!"

Nikajua sasa narudishwa kwetu. Mzee akageuka pembeni, akasema na mgomba: "Wewe mgomba, mwambie huyo mwenye mgonjwa achume, kapu lijae. Mimi natoka."

Jana nimepika. Yamekaa kwenye ngozi yangu bila kuwasha, na leo nimempaka Atupele tone moja nyuma ya sikio. Mama mkwe amekaa mlangoni: "Mpake basi! Unawangoja Wajerumani?"

Nangoja ngozi yake. Mpaka kesho. Kabla ya hapo sipaki kichwa kizima, hata wote wanikasirikie.

Anajikuna, analia. Ungekuwa hapa, ungemshika mikono, nami nikajinyoosha kidogo tu. Basi nimemshika mwenyewe, naandika akinyamaza, naacha akianza tena.

Ndaga fijo, asante sana, dada, kwa kunifundisha. Kaa salama huko uliko.

Mdogo wako,
mama Atupele