Nyasi za Mwisho wa Picha

Jumatatu, 3 Februari
Bunge la kaunti, Homa Bay. Kelele kuhusu maji tangu asubuhi. Habari imetumwa saa tisa. Kisha nyumbani, kwa printa yangu ya mtumba. Mashimo ya dhahabu ya Masara: picha tisa zilizounganishwa kuwa moja, mita moja na nusu. Ilitoka polepole. Nilipiga magoti kuipokea kama ndama. Miaka ishirini na mbili nakata picha ziingie safu mbili za gazeti. Hii haiingii popote. Nina furaha ya kijinga.

Jumatano, 5 Februari
Nimeagizwa picha ndefu ya kwanza! Mama Wilkista, mjane, karibu na Rodi Kopany. Barabara inapanuliwa. Ijumaa tingatinga litang'oa lango na ua wake. Wanawe wanamhamishia Migori. Anataka boma lote katika picha moja, itundikwe ukutani kwa mwanawe mkubwa. "Kusibaki kitu nje," amesema. Nilikubali kabla hajamaliza.

Alhamisi, 6 Februari
Stendi ya kamera katikati ya uwanja, jiwe chini yake kuwa alama. Picha kumi na mbili, kila moja ikilalia mwenzake kwa theluthi. Lango, ghala, kaburi la mumewe, nyumba, yeye mlangoni, nyasi. Mbuzi mmoja alinifuata kila nilipogeuka.  

Ijumaa, 7 Februari
Lango limeng'olewa saa mbili asubuhi. Nimeandika habari yake. Jioni nimeunganisha. Kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kupiga. Ila mbuzi katokea mara tatu. Nilipiga simu kukiri. Mama akacheka. "Mwache hivyo hivyo. Mali haikataliwi."

Jumamosi, 8 Februari
Fremu ya seremala ni fupi kwa shubiri moja. Nimekata mwisho wa kulia, nyasi tupu, nikahifadhi juu ya faili zima, likapotea. Kisha nikafuta kadi ya kamera nikapige picha za mechi. Sheria yangu ni nakala mbili. Furaha imenifanya mzembe.

Jumapili, 9 Februari
Vibaya. Bomani kwake, Mama alifuata picha kwa kidole kuanzia langoni. Kidole kikafika ukingoni, kikasimama.
"Mwandishi, mimi umenizika wapi?"
Akanionyesha nje. Ukitoka mlangoni, mzee amelazwa kulia kwa nyumba, mke hulazwa kushoto. Zile nyasi ni pake. Najua mila hii tangu utoto, na bado nilikata.
"Mama, nani ametaja kaburi?" mwanawe mkubwa akasema.
"Wewe umetaja maduka. Barabara mpya, maduka ya kupangisha. Utayajenga kichwani pangu?"
Kijana mwenyewe ana miaka hamsini. Alitazama viatu vyake. Nikaelewa picha ilikuwa ya kazi gani: kumkumbusha mwanawe mahali pa kumlaza. Naona aibu.

Jumatatu, 10 Februari
Nilifika kabla ya gari la kuhama. Lango halipo, lakini nyasi zipo, na jiwe langu lipo. Picha moja tu ilihitajika.
"Ngoja," Mama akasema. Akaingia ndani, akatoka na kitambaa cha kanisani kichwani, akaenda kusimama katikati ya nyasi.
Nilimwambia atatokea mara mbili, maana yuko mlangoni pia.
"Mbuzi katokea mara tatu. Mimi mara mbili nimezidi?"
Mwanawe alicheka kwanza. Halafu akaona mamaye amesimama wapi. Nimeunganisha mchana huo huo. Mwanga wa siku mbili umekubaliana karibu kabisa. Nilipiga kelele peke yangu chumbani.

Jumamosi, 15 Februari
Migori. Fremu mpya, safari hii seremala alipima karatasi kwanza. Nyuma nimeandika tarehe zote mbili, kwa sababu ni picha ya siku mbili. Imeenea ukuta mzima wa sebule. Mama Wilkista aliketi chini yake akichambua maharagwe. Hakuinua kichwa.
Televisheni ilikuwa inaziba nyasi. Mwanawe ameisogeza. Hakuambiwa.