Gunzi Lililoangukia Kwako

Rafiki yangu Ambakisye,

Tangu ndugu zako warudi Mbeya wakakuacha ulale kwetu huku Ufipa, sikukuandikia. Sikuwa na habari ya kukupa. Sasa ninayo.

Juzi ilinyesha mvua ya mawe. Mteremko wote juu ya bwawa ukawa mweupe, na katikati ya ntumba, yale matuta yetu ya mviringo, mawe yakajaa hadi kufunika miguu. Mwenyekiti wa kijiji akaja mbio: "Ndugu Desideri, haya yakiyeyuka bwawa litapasuka. Tubomoe ukingo?"

Unalikumbuka bwawa. Tulilichimba kijiji kizima, na wewe, Bwana Shamba, ukavua viatu ukaingia topeni. Kubomoa ni kuwarudisha kina mama mtoni kiangazi chote. Kuacha, likapasuka, ni kupoteza nyumba za bondeni.

Ili kujua mteremko umebeba maji kiasi gani, nikafanya ulivyonifundisha: nikafumba macho, nikazunguka, nikarusha gunzi la mahindi. Lilipoanguka nikakita kopo, nikachota mawe yote ya ndani ya duara lake. Halafu tena, na tena. "Jicho lina wapenzi wake," ulikuwa ukisema, "litakupeleka penye mengi." Bibi Yustina akacheka kama alivyokucheka wewe: "Haya, mganga wa magunzi kaacha mrithi!"

Safari moja gunzi likaangukia juu ya kaburi lako, pale mteremkoni.

Nilisimama, rafiki yangu. Nilitaka kurusha tena. Lakini ukichagua, umeshadanganya. Hilo nalo ni lako. Nikapiga magoti, nikakita kopo. Hapakuwa na kitu. Mawe yalikuwa yameporomoka pembeni, kama yanavyoporomoka kwenye ntumba. Nikaandika sufuri. Siku ile nilipoiruka ulinikaripia: "Pasipo na kitu napo ni mahali, Desi."

Mke wangu akayayeyusha mawe jikoni. Tukapima maji kwa rula, tukajumlisha, tukagawanya kwa makopo yote, na lako likiwemo, tukazidisha kwa ukubwa wa mteremko, tukalinganisha na nafasi iliyobaki bwawani. Bila sufuri yako, hesabu ingetwambia tubomoe. Nikamwambia Mwenyekiti tuache.

Maji yalipanda, yakakaribia kabisa mdomo wa ukingo. Yakatulia.

Jana nilichota maji ya bwawa kwa kopo lile lile, nikayamwaga juu ya kaburi lako, pale palipokuwa patupu. Pumzika, ndugu yangu. Nakuahidi nitarusha gunzi nikiwa nimefumba macho, na popote litakapoanguka, nitapiga magoti.

Wako,
Desideri