Namfahamu Kidogo

Kasongo, Jumapili, baada ya mvua

Mvua imekatika sasa hivi, na jua limerudi kidogo kabla halijazama. Watoto wamelala, mdogo bado ameshika ncha ya kikwembe changu. Mwili unaniuma kila mahali lakini usingizi hauji. Naona haya hata kujitazama katika maji ya beseni.

Niandike tu jinsi ilivyokuwa.

Baada ya misa wazazi wote wa mji tuliitwa shuleni, Wakristo na Waislamu pamoja. Jambo hilo sijapata kuliona hapa. Masera, watawa wa kike wa misheni, wanafungua darasa jipya la wasichana, na Waislamu wameomba binti zao waingie bila kubatizwa wala kubadilishwa majina. Mzee mmoja mshona nguo alisimama kuwasemea, polepole, bila hasira. Alisema kodi wanalipa kama sisi, barabara wanalima kama sisi. Mbona tukifika kwenye benchi la shule, wao wanaambiwa wangoje nje?

Nyuma yangu Mama Kornelia akanong'ona, "Wangojee kwa mwalimu wao wa Kurani. Kule mikeka iko mingi."

Wanawake wakacheka. Na mimi nikacheka kidogo. Hilo nalo niliandike.

Walibishana mpaka Mupe, padri anayesimamia shule, akakata shauri. Majina hayatabadilishwa. Lakini kila mtoto wa Kiislamu apate mzazi mmoja Mkristo wa kusimama mbele ya watu na kusema: mtoto huyu namjua, na nyumba yao naijua. Asiye na wa kumsimamia atangoja mwaka mwingine.

Watoto wakaanza kuitwa. Wengi walisimamiwa, tena na watu ambao sikuwadhania. Halafu akaitwa Mwajuma, binti wa Zuhura.

Zuhura ni jirani yangu. Tunatenganishwa na ua wa matete tu. Nilipomzaa Odila homa ilinishika, maziwa yakakauka. Zuhura alikuwa na Mwajuma mchanga. Akamchukua na wangu, akawanyonyesha wote wawili, huyu titi hili, yule titi lile, mpaka nikapona. Kwa desturi yao, waliochangia titi ni ndugu. Mpaka leo watu wakiwatania wanawe wa kiume kwamba watamuoa Odila, Zuhura anawakatiza: huyo ni dada yao, mzaha gani huo.

Alinigeukia. Hakuniomba kitu. Alinitazama kama mtu anayejua tayari nitasimama.

Nikainama, nikajifanya nakaza kikwembe cha mtoto mgongoni. Kilikuwa kimekazwa vizuri.

Mupe akaniuliza mimi mwenyewe, maana anajua tunapokaa. "Mama Odila, huyu si jirani yako?"

Nikasema, "Namfahamu kidogo, Mupe."

Kidogo.

Mwajuma akawekwa kando, pamoja na waliokosa. Alikuwa amepakwa mafuta, nywele zimesukwa mistari myembamba. Nilizisuka mimi mwenyewe jana, kichwa chake kikiwa kati ya magoti yangu.

Sababu ninayo, na naijua. Mume wangu ni karani wa pamba, anangoja ile kadi ambayo Wazungu wanampa mtu mweusi wakiona ameendelea. Watakuja kukagua nyumba yetu, sahani zetu, na watu tunaokaa nao. Asubuhi aliniambia nisijichanganye na mambo ya Waislamu. Lakini yeye hakuwepo pale kunifunga mdomo. Mdomo nimeufunga mwenyewe.

Njiani Zuhura alinifikia, binti yake mkononi. Nilitamani anitukane, ningepata cha kujibu. Alisimama, akanisalimia kwa heshima, vile tunavyosalimia wageni. Kisha akasema, "Mama Odila, siku moja ufike kwangu. Tujuane."

Akanipita. Mvua ikaanza hapo hapo, na sikukimbia.

Nyumbani mume wangu alisema nimefanya vema. Neno hilo ndilo lililonimaliza. Nilimpakulia ugali na sombe ya majani ya muhogo, nikamwambia kesho mapema nakwenda kwa Mupe kumsimamia Mwajuma, kabla masera hawajafungua darasa.

Akarudisha tonge sahanini. Halafu akauliza, "Na kadi?"

"Baba Odila, mutoto wako aliishi kwa titi la yule mama. Wakija kukagua nyumba, na hilo walikague."

Akasukuma sahani, akatoka. Namhurumia. Ameingojea kadi hiyo kwa muda mrefu, tena si kwa ajili yake peke yake. Anataka watoto wake wasisukumwe kando popote. Ndiyo maana nilidhani ataelewa. Labda ataelewa. Asipoelewa, nitakwenda hivyo hivyo.

Mupe simuogopi sana. Atanikaripia, nami nitasema mbele yake yale niliyoyameza leo. Anaweza kukataa, maana saa ya kusimama imepita. Akikataa, nitarudi tena keshokutwa.

Ninachoogopa ni mlango wa Zuhura. Lazima nipite kwake kwanza, kwa sababu siwezi kumshika mtoto mkono bila mama yake kunipa. Na akikataa kunipa, haki ni yake.

Nitabisha hodi, naye atauliza ni nani. Siku zote najibu "ni mimi" tu, na mlango unafunguliwa.

Kesho sijui kama hilo litatosha.