Soda Ilizidi mu Sabuni ya Mama

Tantine Régine wa radio, naomba unisikilize mbele ya mama kujua, juu tangu juma iliyopita sikule muzuri wala silale, na kila muntu akibisha ku mulango nafikiri iko Mama Chileshe anakuja kutushitaki. Jina yangu ni Marceline, niko ku sixième ya biologie-chimie, mwaka ya mwisho ya secondaire, tunakaa Naviundu, na mama yangu Mado anapika sabuni ya kufulia mu lupango, ku kiwanja ya nyumba, njo inatulisha. Zamani alikuwa anatumia mafuta ya ngazi, ile nyekundu ya mawese, na vipimo alivyofundishwa, lakini mafuta ile ilikosekana ku soko, akaleta bidon ya huile palmiste, mafuta ya kokwa ya ngazi, akaniambia nimutafutie kipimo ya soda ya kutia, ile soda kali ya kupikia sabuni, juu kila mafuta inaomba soda yake. Nilitaka kumuambia sijue, tantine, sababu ku masomo nashika tu formule mu kichwa, naweka namba ndani, napata points, lakini ukiniuliza ile formule inasema nini, nakusomea tena formule yenyewe. Mama alikuwa ananiangalia na furaha, akasema, "Weye njo chimiste ya hii nyumba." Basi nikafanya. Bidon iliandikwa 20, nikaandika kilo makumi mbili, nikachukua équation, molekuli moja ya mafuta na tatu ya soda, nikazidisha, nikagawanya, mama akapima soda vile nilimuambia.

Sabuni ilitoka mugumu, bantu baliipenda. Mama Chileshe, jirani yetu, alifulia nayo nguo za mutoto yake muchanga, na kisha akaja kutuonyesha mikono: ngozi ilikuwa inatoka ku vidole, na mutoto alikuwa na vidonda ku matako mpaka bakamupeleka ku centre de santé. Mama alimuhurumia, akasema labda ni maji ya kisima. Mama Chileshe aliamini, sasa anateka maji fasi ingine, na sabuni yetu anaendelea nayo. Miye nilinyamaza. Narudilia calcul, inaleta jibu ile ile, sijue tena kama ni miye ama ni maji, na mama alisha kupika ingine, iko inakauka, jumamosi ataipeleka ku soko, na nikisema hataniamini tena, na examen d'État iko karibu. Nifanye nini?

Marceline, mutoto yangu, miye Tantine Régine nakujibu: juu ya ule mutoto muchanga sikutaka kubahatisha. Nilimupigia simu Osée, anayefundisha chimie, nikamusomea barua yako. Alinikatiza akauliza, "Makumi mbili ya nini?"

Bidon inahesabiwa na litres, Marceline. Litre ya mafuta haifike kilo, iko karibu gramme mia tisa. Uliomba soda ya mafuta ambayo haikuwa mu bidon. Ile ya ziada, karibu gramme mia tatu, haikupata mafuta ya kushikana nayo, ikabaki mu sabuni, ikakula mikono ya jirani. Équation yako ilikuwa sawa. Ulirudilia calcul kwa njia ile ile, kosa nayo ikapita njia ile ile.

Kukosea hesabu sikulaumu. Kumuona Mama Chileshe anafulia mutoto na ile sabuni, weye unanyamaza, ile nakulaumu. Njo maana sikungoja siku ya émission yetu ku radio. Nilipiga namba uliyoacha, nikakuambia uende kwa mama yako palepale, na ulienda na machozi yako. Mama hakukupiga kelele. Aliondoa sabuni ku jua, mukaenda nyinyi wawili kwa Mama Chileshe, mukamuambia infirmier wa ule centre de santé kwamba ni soda ili mutoto apate dawa ya kufaa.

Sasa sikia. Zile nguo zisuuzwe na maji mingi. Sabuni ile ya pili isiuzwe hata kipande mpaka Osée aipime na awaambie mafuta ya kuongeza. Siku ingine mafuta ipimwe ku balance, kwa kilo. Na ku masomo, mbele ya kushika formule, andika kile uko nacho na unité yake, kilo ama litre, pembeni, andika kile banakuuliza, kisha eleza kwa maneno yako namna gani utatoka huku kufika kule. Ukikosa maneno, haujafahamu bado, simama uulize.

Mama Mado mwenyewe aliniomba nisome barua hii na majina yenu, ili kila mwenye kununua ile sabuni airudishe. Yeye hakuogopa kupoteza wateja. Weye kesho nyosha mukono mbele ya kilasi, uulize kile haujafahamu.