Wanaotaka Jibu Leo

Mjukuu wangu Salim,

Baada ya salamu, huku Bustan sote wazima, ila mama yako hakulala usiku kucha baada ya simu yako ya jana. Unaniuliza kama umkubalie leo leo kocha wa chuo huko Marekani, maana ukichelewa nafasi atampa mchezaji mwengine.

Na mimi nnaogopa, mjukuu wangu. Nilipoposwa, washenga walitaka jibu palepale, ama waende nyumba nyengine. Nikamwambia baba nnataka kufikiri. Wakaondoka wamenuna, na chakula kikanishinda siku kadhaa. Baadaye mposaji akaja mwenyewe kwa baba, akasema atangoja. Ndiye babu yako.

Lakini hayo nnayajua leo. Siku ile, nyuma ya pazia, nilichosikia ni mlango tu ukifungwa.

Bibi yako, anayekuombea